Maji ya Misheni na Hasira ya Nyanya

Nyanya yangu, mama yake baba, alikuja kwetu Voi mara moja au mbili kwa mwaka, na kila alipokuja alikuwa ameshiba. Aliondoka kwake Wundanyi alfajiri, akateremka mlima mzima kwa basi, akafika saa tano na vumbi mpaka kwenye kope. Mama akimkaribisha chakula alijibu kwa upole, "Ahsante mama, nimeshiba." Akikaa siku tatu, siku zote tatu alikuwa ameshiba. Jioni ukizunguka nyuma ya nyumba ulimkuta juu ya jiwe la kufulia, amefungua kitambaa chake, anakula kimanga cha muhogo na maharagwe alichokibeba kutoka kwake, taratibu, bila haya hata kidogo. Mimi alinimegea. Nilikula, kisha nikaingia ndani nikala tena cha mama, na ndiyo sababu katika picha zangu zote za miaka ile nina mashavu.

Tulikaa landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli zilizopangwa mstari mmoja karibu na stesheni. Baba alikuwa karani. Mama alikuwa mtu wa Taveta, na kwao kupika maana yake ni ndizi: ndizi na nyama, ndizi na maharagwe, ndizi na nazi siku ya sikukuu. Watu wa milimani wa enzi zile waliwatania watu wa tambarare kwamba wakikosa ndizi wanaugua, na mama aliyasikia hayo akacheka kama kila mtu. Lakini kuhusu nyanya hakucheka. Aliamini kwamba kosa ni lake. Alimpata baba alipokuwa ametumwa kufanya kazi stesheni ya Taveta, na kijana aliyeondoka nyumbani akiwa mtoto wa mama yake alirudi Voi akiwa mume wa mtu. Hilo ndilo lililomkaa nyanya kooni, mama alisema. Baba alipoulizwa alijibu, "Mama ni mzee. Wazee wana mambo yao." Halafu alifungua redio.

Niseme mapema kwamba baba yangu alikuwa mtu mzuri. Hakulewa, hakupiga mtu, alipiga pasi suruali yake mwenyewe. Ila alikuwa na imani moja kubwa kuliko ya kanisani: kwamba jambo lolote gumu ukiliacha bila kuligusa litaisha lenyewe. Paa lilipovuja alihamisha kitanda. Jogoo wa jirani alipoanza kuingia jikoni, baba alimzoea.

Mwaka nilipotimiza miaka tisa, mama alikuwa na mimba. Kati yangu na mimba hiyo palikuwa na mtoto mmoja wa kiume ambaye hakumaliza mwezi. Mama hakumtaja. Lakini wanawake wa landi, wengi wao Wataita, walimtaja kwa niaba yake, wakimwambia wanachoamini watu wa kule juu: kwamba mzazi akiwa na hasira moyoni, hata asipoitamka, hata yeye mwenyewe asipoitaka, hiyo hasira haikai kimya. Inatoka ikatafuta mtu, na mara nyingi inampata aliye mdogo. Dawa yake ni moja tu, nayo ni kutasa. Mwenye hasira anaulizwa, anaitaja hadharani, anatia maji au pombe ya muwa mdomoni na kuyarusha nje kama manyunyu, na hasira inatoka na maji. Baada ya hapo kinachobaki ni baraka.

Mama alisema huo ni ushirikina na yeye ni Mkristo. Alilisema kwa sauti kubwa kabisa, ili wasikie mpaka nyumba ya mwisho. Wiki ile ile alianza kutafuta njia ya kumfanya nyanya ataje.

Mpango alioupata ulikuwa wa werevu mwingi, na naujua wote kwa sababu alinieleza mimi, kwa kukosa mtu mwingine wa kuambiwa. Nyanya asingesema kwetu, maana kwetu alikuwa ameshiba. Asingesema kwake, maana kwake alikuwa na kuku, mbuzi na majirani wa kumpa sababu ya kusimama kila dakika mbili. Palibaki mahali pamoja tu ambapo nyanya hakuweza kusema uongo, hata ule uongo mdogo wa adabu: Misheni. Palikuwa na jina lake, lakini watu wote tulipaita hivyo, ule mji mdogo ulioshikilia ubavu wa mlima mbele ya Mwatate, ambako mapadre wa kwanza walijenga kanisa la mawe na ambako nyanya alibatizwa akiwa msichana. Kila Agosti, Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, watu walihiji huko kutoka pande zote za wilaya. Kulikuwa na pango la Bikira Maria na chemchemi chini yake. Mama aliona kwamba mbele ya pango lile, na kikombe cha maji mkononi, nyanya atalazimika kutoboa siri.

Alipoambiwa safari, nyanya alifurahi kiasi kwamba nusura anywe chai yetu. Baba hakufurahi. Alisema huenda akawa na zamu siku hiyo. Mama alisema amekwisha kuuliza, zamu hana.

Tulipanda gari moshi la Taveta, lile la mabehewa ya mizigo mengi na ya abiria machache, kwa pasi ya wafanyakazi. Baba alivaa tai na kofia. Kwenye gari moshi alikuwa bwana mkubwa. Alimsalimu kila mtu wa reli kwa cheo chake, akatueleza kwa nini tumesimama hata pale ambapo hatukusimama. Mama alikaa na kikapu miguuni. Nyanya alikaa dirishani na kitambaa chake cha kimanga mapajani, akiyatazama mashamba ya mkonge ya Mwatate na kuyaona hayana maana. "Kitu chote hiki," aliniambia, "na huwezi kula hata jani moja." Kadiri milima ilivyosogea, ndivyo baba alivyopungua maneno. Tulipofika stesheni ndogo ya kuteremkia alikuwa kimya kabisa, na mimi nilidhani ni tai inambana.

Kutoka reli mpaka Misheni ni mwendo wa saa nzima kupanda, na njiani mmesimikwa misalaba kumi na minne, kwa vituo vya Njia ya Msalaba. Watu walipanda wakisali rozari, akina mama wamejifunga vitambaa vya buluu kichwani, wengine pekupeku kwa sababu ya nadhiri. Nyanya alikuwa na miaka sabini au zaidi, hakuna aliyejua, lakini alikuwa mtu wa milima na mguu wake haukujua tambarare ni nini. Alitutangulia wote. Mama, na tumbo lake la miezi sita, alimfuata bila kulalamika. Nyuma kabisa alikuja karani, amelegeza tai, shati limemganda mgongoni. Kwenye kila msalaba nyanya alisimama, akapiga ishara ya msalaba, akageuka kuangalia chini. Mtu mmoja alimuuliza kama amechoka.

"Sijachoka," alisema. "Tunangojea Yesu na mwanangu."

Baba alimsikia. Kila mtu alimsikia. Alitabasamu lile tabasamu lake la kuhamisha kitanda.

Misheni yenyewe ilikuwa ndogo kuliko nilivyoambiwa, na nzuri zaidi. Kanisa la mawe lenye mnara mfupi, mikaratusi mirefu, shule, zahanati, duka moja lililouza mishumaa, medali na sukari, na nyuma ya kanisa makaburi ya mapadre wa kwanza yenye misalaba ya chuma. Baridi ilikuwa ile ya milimani, inayokuingia kwenye mikono ya sweta. Nyanya alitutembeza kama mwenye mji. Hapa ndipo padre aliwafundisha sala, na akikosea Kidawida, lugha yetu Wataita, wote walicheka na yeye akacheka. Hapa ndipo mama yake alimsubiri siku ya ubatizo, na kuku chini ya kwapa, kwa sababu hakuamini mtu anaweza kupewa jina bure. Jina lenyewe lilikuwa la mtakatifu wa Ulaya na ilimchukua nyanya mwaka mzima kuweza kulitamka. Alitusimulia hayo yote amemshika mama mkono, kwa sababu ya mawe. Mama aliniangalia juu ya bega la nyanya kwa macho ya kusema, unaona, mambo yanakwenda vizuri.

Baada ya misa tulipanga foleni ya chemchemi. Pango lilikuwa la mawe yaliyopangwa kwa mkono, Bikira Maria ndani yake amepakwa rangi upya, buluu kali ya milango ya maduka. Chini maji yalitoka kwenye bomba fupi na kuingia kwenye birika la saruji. Aliyesimamia alikuwa katekista, mzee mwembamba wa kaptura ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Alikuwa na kikombe cha bati na amri tatu, alizozitoa kwa kila mtu bila kuchoka: "Kunywa. Nawa. Pita."

Zamu yetu ilipofika, mama alipokea kikombe, lakini hakunywa. Alipiga magoti kwenye saruji iliyolowa, kwa shida, akiwa ameshika tumbo, akamnyoshea nyanya kikombe kwa mikono miwili.

"Mama," alisema, "miaka kumi na moja hujala kwangu. Kama nilikukosea kwa kuolewa na mwanao, kama ni kwa sababu mimi ni mtu wa Taveta, nakuomba useme hapa hapa. Litoe. Nimebeba mtoto mwingine, naogopa."

Foleni ilisogea karibu. Wengi walikuwa Wataita, na walijua vizuri wanachokiona.

Nyanya alikitazama kikombe, akamtazama mama, na uso wake haukuwa wa mtu aliyebanwa kusema kweli. Ulikuwa wa mtu aliyeshangaa kabisa. "Wewe?" alisema. "Wewe umenikosea nini?" Kisha akamgeukia baba, polepole. "Hukumwambia?"

Baba alikuwa anasoma majina kwenye makaburi ya mapadre, kwa bidii sana, kutoka mbali.

"Njoo hapa," nyanya alisema. Baba akaja.

Basi likasemwa lote, pale pale, kwa Kiswahili ili mama asikie kila neno. Baba alipotaka kuoa hakupanda mlima kumwambia mama yake. Aliogopa ataulizwa maswali. Alimpa ujumbe dereva wa basi, dereva akamwambia mwanamke wa sokoni, na nyanya alipata habari za harusi ya mwanawe wa pekee Jumamosi sokoni Wundanyi, akiwa anachagua kabichi, kutoka kwa mtu aliyempongeza. Harusi yenyewe ilikuwa imekwisha kupita wiki mbili. "Nilisimama na kabichi yangu hivi," nyanya alisema, akanyosha mkono mtupu. "Nikasema ahsante. Nifanye nini tena? Nikalipa, nikaenda nyumbani."

Kwa desturi ya watu wetu, aliyekosa ndiye anayekuja kuuliza. Anakuja mwenyewe, na maji yake, anasema mama nimekuudhi, toa. Asipokuja, aliyeudhiwa hawezi kulitoa kwa kumpitia mtu mwingine. Na huwezi kula chakula katika nyumba ya mtu huyo kana kwamba hakuna kitu, maana huo ndio uongo mkubwa zaidi. Nyumba ile ilikuwa ya baba. Nyanya alikuwa akimngojea baba kwa miaka kumi na moja, kila mara na kimanga chake, na kila mara baba alifungua redio.

"Ndizi zako," nyanya alimwambia mama, "zinanukia mpaka nje. Unafikiri nilikuwa napenda kukaa kwenye lile jiwe?"

Hapo baadhi ya watu kwenye foleni walicheka, na mimi pia. Mama hakucheka. Alikuwa bado amepiga magoti, anamtazama baba, na nilikuwa sijawahi kumwona akimtazama vile kabla ya siku ile.

"Ulijua?" alimuuliza.

"Nilifikiri itaisha," baba alisema.

Kisha, kwa kuwa hakukuwa na mahali pa kuhamishia kitanda, alivua kofia yake, akapiga magoti kando ya mama kwenye maji na suruali yake ya pasi, akasema maneno yaliyomshinda kwa miaka kumi na moja. Hayakuwa mengi. Nyanya alichukua kikombe, akasema, "Nilikasirika. Nilikasirika sana. Sasa natoa, mtoto anayekuja apite salama," akajaza mdomo maji ya Bikira Maria, akamrushia baba manyunyu usoni, kifuani, kwenye tai. Akajaza tena akamnyunyizia mama tumboni, safari hii kidogo tu na kwa upole.

Katekista akazinduka. "Mama! Mama! Haya ni maji ya baraka! Ni ya kunywa na kunawa, si ya kutema!"

"Mwanangu," nyanya alimjibu, "padre aliyabariki na nini? Si mdomo?"

Nami nilidhani mambo yamekwisha, na kwamba sasa tutakula. Nilikuwa nimeweka macho kwenye kikapu cha mama tangu Mwatate. Nyanya alimsaidia mama kusimama. Baba naye akataka kusimama, uso umemlowa, na ule wepesi wa mtu aliyemaliza kazi ngumu ukimrudia, ila nyanya aliweka mkono begani mwake akamrudisha chini.

"Wewe bado. Mimi nimemaliza yangu. Mwenye hasira sasa ni huyu."

"Mimi sijui kutasa," mama alisema. "Kwetu hatufanyi."

"Si kitu kigumu. Unasema kwanza, yote, bila kuacha. Halafu unajaza mdomo, unamrushia. Usiogope tai."

Mama alishika kikombe. Nilitegemea atasema neno moja la aibu na kumpulizia baba tone moja mbele ya watu, kama mtu anayezima mshumaa. Aliposema, alisema kwa sauti ya kawaida, ile aliyoitumia kunituma dukani.

"Nilizika mtoto. Siku ile kaburini nilijiuliza nimemkosea nini mama yako hata anichukulie mwanangu. Nilijiuliza kwa miaka sita. Nilipika, nikijiuliza. Nilimchukia mama yako, nikaenda kuungama kwamba namchukia, nikarudi nikamchukia tena. Na wewe pale kaburini ulikuwa umesimama kando yangu, umenishika mkono. Ulijua si mimi. Ungeniambia neno moja tu."

Baba aliinamisha kichwa. Nilikuwa nampenda baba yangu kuliko mtu yeyote, nampenda mpaka leo na yeye hayupo, lakini pale nilimwonea aibu, na hiyo aibu sijawahi kuimaliza yote.

Mama akajaza mdomo. Mashavu yake yalijaa. Baba alifumba macho, akangoja manyunyu, na sisi wote tukangoja, nyanya, katekista, foleni nzima ya rozari. Tulingoja. Maji hayakuja. Baba alifumbua jicho moja. Koo la mama lilipanda na kushuka, mara moja, kwa nguvu.

"Umemeza, mama," nyanya alisema.

"Nimemeza," mama alisema, na machozi yakaanza kumtoka.

"Ikimezwa inarudi ndani. Anza tena."

"Imenishinda."

"Haijakushinda. Anza tena kutoka mwanzo."

Mtu mmoja nyuma yetu alisema mwacheni atoe, tuna siku nzima. Katekista aliangalia foleni, akaangalia Bikira Maria wake, kisha akakichukua kikombe mkononi mwa mama, akakijaza mpaka juu, akamrudishia bila kusema amri yake hata moja. Baba akasogea karibu zaidi kwa magoti, akafumba macho tena. Mama akashika kikombe kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akaanza tena kutoka pale kaburini.